Ningevua Koti

Jailosi Mtambalika alikuwa na stashahada ya maendeleo ya jamii, na kwa miaka mingi ni jamii iliyomwendeleza yeye. Mama mkwe alimpa unga miezi ya njaa. Mjomba wa mkewe alimpa mbegu. Mzee Galanja, jirani, alimpa udongo wa kufyatulia matofali ya nyumba yake, kisha akakaa naye kwenye moshi mpaka matofali yakaiva. Stashahada yenyewe ilikaa ndani ya mfuko wa plastiki juu ya kenchi, panya wasiifikie.

Kijiji cha Mpalazu, chini ya vilima vya Dedza, hakikuwa kwao. Alikuwa mkamwini. Kama wakamwini wote, alihamia kwa mkewe na mkeka, jembe na adabu, na kama wote alijua kwamba mkamwini hapimwi kwa maneno. Hupimwa kwa kuni anazopasua na makaburi anayochimba. Akifa mtu Mpalazu, kila nyumba hutoa unga na kuni, wanawake huketi chini na mfiwa, na wanaume wenye nguvu huingia msitu wa makaburi na majembe yao. Asiyekwenda kwa wenzake, siku yake ikifika hajiwi. Jambo hilo halikuandikwa popote, wala hakuna aliyewahi kulisahau.

Jailosi hakulisahau. Alikuwa mchimbaji hodari. Lakini moyo wake ulikuwa kwenye magari meupe.

Magari hayo yalipita barabara ya vumbi kila wiki, yakiwa na nembo mlangoni na waya mrefu puani, na ndani yake waliketi watu waliosoma alichosoma yeye. Naye aliwafahamu wote, kwa kuwa kila asasi iliyofika ilimtumia. Ilipotakiwa kumwonyesha mfadhili kijana asiye na ajira, aliitwa Jailosi. Ndevu zilipomwota mvi akawa mkulima mdogo. Mwaka wa mafuriko aliitwa mwathirika, ingawa mafuriko yenyewe yalipita bonde la pili. Alijua nyimbo zote za kuamsha washiriki baada ya chakula cha mchana, alijua kuomba sala ya kufungua warsha isiyo ndefu wala fupi, na alikuwa na fulana za miradi zaidi ya kumi iliyokwisha kufa. Akiomba kazi, waliomlisha juzi walimwuliza jambo moja tu: uzoefu uko wapi?

Usaili alikwisha kwenda mara nyingi hata kijiji kikachoka kumtakia heri. Sauka, kiongozi wa wachimba kaburi, mtu ambaye mdomo wake haukupumzika hata msibani, alikuwa amemtungia wimbo kabisa. Ulisema mkamwini wa Mpalazu ameolewa na bahasha. Watoto waliuimba wakichota maji.

Ndipo shirika liitwalo Phazi Limodzi lilipotangaza nafasi ya afisa uhamasishaji. Lilikuwa na mradi mpya wa kuzifundisha jamii za vijijini kusaidiana wakati wa dhiki. Ulibuniwa mbali sana, na watu waliosikia kwamba vijijini watu wameacha kusaidiana. Jailosi aliomba, akaitwa, akaazima koti kwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi. Koti lilimpwaya mabegani, lakini lilikuwa na mfuko wa kifuani wa kuchomeka kalamu.

Mchana wa siku iliyotangulia usaili, mzee Galanja akafa.

Falesi, mkewe Jailosi, alirudi kutoka msibani jioni ile kuchukua unga. Alimkuta mumewe akipiga koti pasi ya mkaa.

"Wanazika kesho," alisema.

"Kesho nina usaili."

"Si uende ukamwambie Sauka? Msiba wa mtu mzima una watu wengi, hawatakosa mikono. Sema ukweli, watakuruhusu."

"Wataniruhusu huku wakinicheka. Nikikosa kazi je? Utausikia ubeti wa pili wa ule wimbo mpaka mvua za mwakani."

"Basi wakuchekee. Kuchekwa kunaua?"

Jailosi aligeuza koti upande wa pili. "Waambie tumbo linaniendesha."

"Nikaseme hivyo mbele ya maiti ya mzee Galanja?"

"Waambie walio hai, mama Chifundo. Maiti haiulizi."

Falesi alijaza unga kwenye beseni. Alipofika mlangoni alisema, "Huyu ndiye aliyechoma nawe matofali," akaenda zake. Hakusema zaidi, kwa sababu alikuwa mke mwema, na wakati mwingine huo ndio udhaifu wa wake wema.

Kulipopambazuka Jailosi alipita njia ya nyuma, katikati ya mahindi, koti akiwa amelikunja ndani ya kanga ya mkewe. Barabarani alipanda baiskeli ya abiria mpaka Dedza mjini.

Mkurugenzi wa Phazi Limodzi, Bi Temwanani Gondwe, alikuwa mwanamke wa kaskazini, mnene, mchangamfu, aliyezoea kuwatia watu moyo hata pasipo haja. Aliketi na wanaume wawili wenye kompyuta. Walimwuliza Jailosi udhaifu wake, naye akawaambia, kama wasemavyo wote, kwamba hufanya kazi kupita kiasi. Walimwuliza anajiona wapi miaka mitano ijayo. Mambo yalikwenda kama yalivyokwenda siku zote, yaani vizuri na bila matumaini. Kisha Bi Gondwe akaweka kalamu mezani.

"Bwana Mtambalika, sasa tuache vitabu. Umepanga mkutano wa mradi kijijini. Unafika, unakuta kuna msiba. Utafanya nini?"

Jailosi alihisi pasi ya mkaa imewekwa mgongoni mwake. Saa ile Sauka alikwisha kupima ardhi kwa fimbo. Saa ile wakamwini wenzake walikuwa wamezama shimoni hadi kiunoni, wakipokezana jembe, na nafasi moja ukingoni haikuwa na mtu. Jibu la kweli lilikuja mpaka kwenye meno: mama, kwetu leo kuna msiba, nami niko hapa. Alilimeza. Likashuka kwa shida, kama tonge la nsima iliyolala.

"Mama," alisema, "ningeahirisha mkutano. Ningevua koti langu, nikashika jembe, nikaingia kaburini pamoja nao. Mtu ambaye hajashika udongo wa wafu wa watu, hana neno la kuwaambia walio hai."

Kompyuta zilinyamaza. Bi Gondwe alivua miwani. Mmoja wa wale wanaume alisema taratibu, "Andika hiyo," na mwenzake akasema, "Nimeshaandika."

"Huyu," Bi Gondwe aliwaambia wenzake kana kwamba Jailosi ametoka nje, "huyu ametoka kwa watu."

Sentensi ile ilikuwa ya kweli yote, mwanzo hadi mwisho, na hapo ndipo ubaya wake ulipokuwa. Uongo wa ovyo hujikwaa wenyewe njiani. Ukweli uliowekwa kinywani mwa asiyeutenda hufika mbali, tena hupokewa kwa heshima.

Alirudi na furaha iliyomnyima akili. Akasahau njia ya nyuma, akasahau kulikunja koti. Kwenye daraja la magogo akakutana uso kwa uso na kijiji kizima kikitoka kuzika. Wanaume walikuwa na udongo mwekundu mpaka magotini. Walimtazama kuanzia viatu vilivyong'arishwa, wakapanda polepole hadi shingoni.

Sauka alitua jembe chini.

"Jamani, tumpe pole mkwe," alisema. "Tumbo lilivyombana, hadi limefunga tai."

Kicheko kilitoka kwa wachache, kikafa upesi, maana mjane wa Galanja alikuwa nyuma yao. Jailosi alivua koti. Muda wa kulivua ulikuwa umepita.

Nyumbani alikuta chungu jikoni. "Dawa yako," Falesi alisema bila kuinua uso. "Sauka alitoka kaburini asubuhi, jasho linamtiririka, akaenda kukuchimbia mizizi ya tumbo. Alisema mchimbaji kama wewe hatumwachi afe kwa kuhara."

"Lakini siumwi."

"Kunywa, wasiwe wamechimba bure."

Alikunywa. Ilikuwa chungu kama shubiri, na kwa kuwa hakukuwa na ugonjwa wa kuufunga, ilifunga kila kitu kingine. Kwa siku kadhaa mkamwini yule alitembea kama mtu aliyebeba mayai.

Mfumu, yaani mkuu wa kijiji, alimwita. Hakuwa mtu mkali. Alisema kosa limekwisha kufanyika, na kwamba watu siku hizi wana mihangaiko, haya yeye anayaelewa. Adhabu ilikuwa jogoo mmoja kwa wachimba kaburi, na neno moja mbele yao: nimekosa. Wakishakula jogoo, mambo yameisha.

"Nitaleta, mfumu," Jailosi alisema.

Na angeleta. Ila wiki ileile simu ilipigwa kutoka Phazi Limodzi. Amepata kazi. Si kazi tu: kwa sababu ametoka kwa watu, atapewa eneo lake mwenyewe, Mpalazu na vijiji jirani, aanze na kipindi cha majaribio, na mgeni kutoka kwa wafadhili akija kukagua na kuridhika, ndipo atathibitishwa. Alipewa pikipiki na kofia yake ngumu. Alipewa beji ya kuning'iniza shingoni. Alipewa hata bima ya mazishi, yenye jeneza la kupakwa vanishi na gari la kubebea maiti, jambo alilolieleza kijijini kwa kirefu.

Baada ya hapo yule jogoo akawa mgumu kushika. Si kwamba Jailosi alikosa jogoo. Walikuwa wakimwamsha kila alfajiri. Lakini afisa wa shirika angesimamaje mbele ya watu wasio na viatu akasema nimekosa? Alijiambia kwamba faini ya namna ile ni mila iliyopitwa na wakati. Kisha akajiambia kwamba ataleta mbuzi badala ya jogoo, mambo yakitulia, kwa hiyo kuchelewa kwake ni ukarimu. Mtu anayekwepa deni dogo la heshima husema hivyo daima: anajiandaa kulipa kubwa.

Mkutano wake wa kwanza aliuitisha chini ya paa la kanisa. Walikuja Falesi, mama mkwe, na mbuzi wa mtu. Mama mkwe alisinzia. Jailosi alisubiri mpaka kivuli cha mnara kikamfikia miguuni, kisha akapanda pikipiki kwenda kwa Sauka, aliyekuwa akisuka kamba barazani.

"Kaka, hamkuja."

"Tulikuwa tunaumwa tumbo," Sauka alisema.

"Kijiji kizima?"

"Limeenea. Wewe si ulilipata wa kwanza?"

"Kaka Sauka, huu mradi ni wenu. Ni wa kuwasaidia ninyi."

"Unafundisha nini?"

Jailosi alikohoa. "Kusaidiana wakati wa dhiki."

Sauka aliacha kamba. Alimtazama, uso wake ukihangaika kama wa mtu anayezuia kicheko. Mwishowe akasema kwa upole kabisa, "Aisee. Hiyo ngumu. Umejifunzia wapi?"

Katika ripoti yake ya mwezi Jailosi aliandika kwamba jamii ya Mpalazu ina mwamko mdogo na upinzani wa kimila, na kwamba inahitajika bajeti ya soda. Bi Gondwe alipitisha. Mkutano uliofuata ulijaa. Watu walikunywa soda, wakala maandazi, wakarudisha chupa kwa utaratibu mzuri, wakaondoka kabla hajafika ukurasa wa pili. Hata hivyo vichwa vilihesabiwa, na vichwa ndivyo ofisi ilivyotaka.

Ikafika siku ya mgeni. Jailosi alikodi wapishi kutoka mjini, wali na kuku, akapanga viti vya plastiki mistari mistari, akazungumza na mfumu, na mfumu akaahidi kwamba watu watakuja. Kuku si kitu cha kudharauliwa. Usiku alilala kwa amani. Kesho yake kazi ingekuwa yake, na Falesi angeezekewa bati.

Alfajiri dada yake mfumu, mama mtu mzima aliyekuwa akiugua tangu kiangazi, akaaga dunia.

Jailosi aliposikia yowe la kwanza alikaa kitandani. Falesi alikwisha kujifunga kanga.

"Nenda kwa Sauka sasa hivi," alisema. "Beba jembe. Beba na jogoo. Mgeni akija mwambie kuna msiba. Si ndivyo ulivyowaambia utafanya?"

"Mkurugenzi ametoka naye Lilongwe tangu jana, wamelala Dedza. Nitawaambiaje?"

"Kwa mdomo. Uleule."

"Wakithibitisha tu, Falesi. Leo jioni nitakwenda kwa Sauka. Leo jioni, naapa."

"Jioni atakuwa amekwisha kuzikwa, baba Chifundo. Wafu hawana saa za ofisi."

Alivaa koti. Lilikuwa lake sasa, jipya, la kumkaa mwilini. Alikwenda kanisani kusimamia viti.

Magari mawili meupe yalifika jua likikaribia utosini. Bi Gondwe alishuka na mpiga picha na mgeni, mwanamke mrefu mwenye mvi aitwaye Bi Karin, aliyevaa viatu vya kupandia milima na aliyemsalimu kila mpishi kwa mikono miwili. Viti vilikuwa vitupu. Kutoka upande wa pili wa kijiji, upepo ulileta sauti za wanawake, zikipanda na kushuka.

"Wanaimba nini?" mgeni aliuliza, na Bi Gondwe akatafsiri.

Mara ya pili jibu la kweli lilikuja mpaka kwenye meno.

"Ni kwaya," Jailosi alisema. "Iko mazoezini. Walengwa watakuja wakimaliza."

Bi Gondwe alizaliwa kijijini. Alizijua nyimbo zile tangu akiwa mgongoni kwa mama yake. Alimtazama Jailosi, macho yakawa membamba, lakini alitafsiri alivyoambiwa. Na Bi Karin, ambaye kwao alikuwa mwanakwaya, akafurahi, akasema yeye hawezi kusubiri kwenye kiti huku watu wakiimba hivyo, akaanza kutembea kuelekea sauti. Ilibidi wamfuate, Jailosi mbele akitafuta mahali pa kuanguka na kuzimia, asipaone.

Walipotokeza uani kwa mfumu, wimbo ulikatika. Wanawake walikuwa wameketi chini kuzunguka mlango. Wanaume walikuwa kwenye magogo, vichwa vimeinama. Wachimba kaburi walikwisha kumaliza kazi yao. Walikaa pembeni, majembe yameegeshwa ukutani, udongo ukiwakaukia miguuni, wakila nsima kwa maharage.

Bi Karin hakuhitaji kutafsiriwa. Alisimama kidogo, akavua viatu vyake vya milimani, akaenda akaketi kwenye mkeka katikati ya wanawake, akamshika mkono aliyekuwa karibu, akainamisha kichwa. Mama mkwe wa Jailosi akamsogezea nafasi. Mtu kutoka upande wa pili wa dunia alijua pa kukaa.

Bi Gondwe alimvuta Jailosi nyuma ya ghala.

"Kwaya, ee?"

"Mama, nisamehe, nili..."

"Nyamaza. Unakumbuka ulichotuambia kwenye usaili?"

"Nakumbuka, mama."

"Nami nilimwandikia mgeni neno kwa neno, liko kwenye ukurasa wa kwanza wa mradi. Vua koti."

"Mama, wamekwisha kuchimba."

"Vua koti, bwana. Mpiga picha yuko wapi?"

Akalivua. Akaenda mpaka kwa wachimba kaburi, mikono ikining'inia kana kwamba ni ya kuazima. Mpiga picha alikuwa nyuma yake, akipima mwanga.

"Kaka Sauka," alisema kwa sauti ya chini, "niazime jembe."

Sauka alitafuna tonge lake mpaka likaisha, akanawa.

"Lako liko wapi?"

"Nyumbani."

"Kaburi limekwisha, mkwe. Unataka kulima wapi, hapa uani kwa mfumu?"

"Ni kwa picha tu," Jailosi alisema, na papo hapo akatamani ardhi imfungukie, na ardhi iliyofunguliwa ilikuwepo, lakini si yake.

Wachimbaji walitazamana. Kulikuwa na wageni uani, na Mpalazu haimwaibishi mtu mbele ya wageni. Sauka aliinuka, akachagua jembe lenye udongo mwingi kuliko yote, akamkabidhi kwa mikono miwili kama anayempa mkuu.

"Shika chini zaidi," alisema. "Ukishika juu hivyo watajua."

Picha ikapigwa. Jailosi yuko katikati, mikono ya shati imekunjwa, jembe jekundu begani, wachimba kaburi nyuma yake wakiwa na nyuso nzito. Ilikuwa picha nzuri mno. Bi Gondwe alimweleza mgeni kwamba afisa wao alisema ni kwaya kwa adabu tu, kwani huku mgeni hapokelewi kwa habari ya kifo. Bi Karin alifuta machozi, akaomba wali na kuku wote wapelekwe kwa wafiwa, na mfumu akasimama, akampigia makofi ya heshima, mikono imekingwa, na watu wote wakapiga naye. Waliompigia ni yeye mgeni.

Ndani ya gari, Bi Gondwe alisema, "Unafikiri haraka, Mtambalika. Tunahitaji watu wa namna hiyo." Barua ya kuthibitishwa ilitoka kabla ya mwezi kwisha.

Siku iliyofuata barua, mjomba wake Falesi alifika asubuhi. Biliati ndiye aliyekuwa mkubwa wa ukoo. Yeye ndiye aliyempokea Jailosi alipokuja kuoa. Alikuwa ameshika jembe. Alilitua kizingitini.

"Hili ni lako, mkwe?"

"Langu, mjomba."

"Nimelikuta nyuma ya ghala lako, limeota kutu. Nimelinoa."

"Asante sana, mjomba."

"Usinishukuru. Sikufukuzi. Hatumfukuzi mtu aliyepata kazi, tulimwombea apate. Nataka kuuliza jambo moja nirudi shambani. Siku ukifa, tumwite nani?"

Jailosi alicheka kidogo. "Mjomba, nina bima. Jeneza, gari, kila kitu."

"Nimesikia. Gari litafika mpaka msituni?"

"Litafika."

"Sawa. Litachimba?"

Jailosi alitazama jembe pale kizingitini.

"Jogoo bado wanawika hapa," Biliati alisema akitazama uani. "Nawasikia kila siku nikipita. Nikawa nasema, leo. Nikawa nasema, labda kesho." Akainuka. "Mkamwini huja na jembe, mwanangu. Akiwa hana kazi nalo, huondoka nalo."

Hata hapo palikuwa na nafasi. Sauka alikuwa nyumbani kwake asubuhi ile. Moshi wake ulionekana. Kutoka pale mpaka pale ni mwendo wa kumshika jogoo na kuvuka kijia. Jailosi alitazama moshi ule. Kisha akasema kwamba, kwa kweli, ofisi imemshauri akae karibu na kituo cha kazi.

"Utakuja nami?" alimwuliza Falesi, akifunga mkeka.

"Kufanya nini mjini?"

"Kukaa. Tutapata nyumba ya bati."

"Nenda, baba Chifundo. Utuletee sabuni mwisho wa mwezi. Mimi sihami walipo watu wa kunizika."

Akapanga chumba Dedza, kwenye nyumba za mstari nyuma ya ofisi. Kazi ilimwendea vizuri. Ile picha ilikuzwa, ikatundikwa ukutani katika chumba cha mikutano, na Bi Gondwe alipojua kwamba Jailosi amekuja na jembe, akaagiza litundikwe chini yake. Wageni hulipenda. Wengine huligusa. Mmoja aliuliza iwapo ndilo hasa lililo kwenye picha, na Jailosi akasema, "Nilikuja nalo kutoka nyumbani," jibu lisilo na uongo ndani yake. Makali yake yanang'aa. Halijagusa udongo tangu Biliati alinoe.

Mwaka jana Phazi Limodzi lilihitaji maafisa wapya, na safari hii Jailosi aliketi upande wa pili wa meza, na kompyuta. Walikuwa wakimsaili binti mmoja mwenye koti la kuazima. Ikafika zamu yake ya kuuliza.

"Dada, tuache vitabu. Umefika kijijini, unakuta kuna msiba. Utafanya nini?"

Binti alivuta pumzi. Kabla hajafungua kinywa, yowe lilitoka nyuma ya ofisi, kutoka nyumba za mstari, kisha la pili, kisha miguu ya watu wakikimbia. Jailosi aliitambua sauti. Ni ya mwanamke wa mlango wa tatu kutoka kwake, aliyekuwa na mume mgonjwa wa kifua. Kila Jumapili mume yule alimsalimu.

Jopo lilimtazama. Binti naye alimtazama.

Jailosi aliinuka. Alivuka chumba, akapita chini ya jembe lake, akafika dirishani. Akalifunga vizuri, akarudi kuketi.

"Samahani kwa kelele," alisema. "Endelea, dada. Tunakusikiliza."